Kiporo cha Thurman

Usikiite kiporo, aliniambia kwenye simu.
Kiporo ni kilichobaki, na hiki hakijabaki.
Hiki kimetangulia.

Vidari tisa vya ng'ombe, vyeusi kama magogo yaliyopigwa na radi,
vimelala kwenye friji ya ukumbi wa kanisa tangu Alhamisi,
kila kimoja ndani ya karatasi ya bucha,
na juu ya karatasi mwandiko wake wa penseli,
herufi zimeinama kama watu wanaopanda mlima:
USIKATE KIKIWA BARIDI, OZELLA. NAKUJUA.

Ananijua. Alfajiri nilikuwa nimekwisha shika kisu.
Nikakirudisha kama mwizi aliyeitwa kwa jina.

Jumatano usiku kucha alikesha na moto wake
nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Giddings:
kiti cha kukunja, tochi, mwaloni alioupasua Desemba
kabla vidole havijaanza kufa ganzi.
Alitaka moshi mwembamba, wa samawati.
Ukigeuka mweupe, aliukemea kama mbwa wa jirani.
Kulipokucha, nyama ikitikisika kama shavu la mtoto anayecheka,
aliitoa, akaiacha ipumue mezani
mpaka mvuke ukakoma, ndipo akaifunga.
"Ukikitia cha moto kwenye baridi ghafla," alisema,
"nje kinapoa, ndani kinaendelea kugombana."

Kisha akavaa shati safi, akaenda kwenye mashine.

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi:
siku hizo si zake tena.
Leo Jumamosi ukoo wa Hightower unakutana,
watu mia na ishirini, wengine wametoka Oakland,
wengine hatujui hasa ni wa nani,
na mpishi wetu yuko maili thelathini kutoka hapa,
ameegemea kiti cha plastiki, mirija miwili mkononi,
damu inatoka, damu inarudi.

Oveni nyuzi mia mbili na hamsini, si zaidi.
Mafuta yaliyochuruzika aliyaweka kwenye chupa ya achari;
nikayayeyusha, nikamwaga kidogo kila kifurushi,
nikafunga foili ukingo kwa ukingo.
Karatasi ya nne ilisema: HUPIKI. UNAAMSHA.
Ya tano ilikuwa na doa la mafuta tu
na neno moja lisilosomeka.

Delphine akachungulia mlangoni:
"Kwa nini usitumie maikrowevu?"
Kuna maswali hujibiwa kwa mgongo.

Saa nne, kipimajoto: mia na kumi.
Watoto wanagombania kreti za soda.
Mia na arobaini. Mchungaji anauliza kama aanze kuombea chakula;
namwambia aombee kwanza wagonjwa, wako wengi.
Mia na sitini na tano.
Nikafungua, na harufu ikatoka polepole,
ile ile ya Jumatano, ikinyoosha viungo
kama mtu aliyelala kwenye basi.

Saa sita simu ikalia.
"Umekata kinyume na nyuzi?"
"Nimekata."
"Ina unyevu?"
Nikaweka simu kando ya ubao asikie mwenyewe:
kisu kinavunja gamba, halafu kimya,
halafu ubao.
Akanyamaza kwa muda. Nyuma yake kitu kikilia pii, pii.
"Wananirudishia ya mwisho," akasema.
"Ya moto?"
"Vuguvugu. Hawa wana haraka.
Hawajui kupasha."

Sasa sahani zinazunguka, na mjomba Lucious
anaapa nyama hii imetoka motoni asubuhi hii.
Sikumsahihisha.

Kidari cha tisa ni kidogo kuliko vyote.
Karatasi yake inasema: BILA CHUMVI. CHANGU.
Hicho sijakigusa.
Kimelala pale pale kwenye baridi, kizima,
mpaka nisikie gari.