Nauli ya Kwenda Tu

Elfu tatu mia nne, Malindi hadi Lamu,
bila begi, bila maji, bila kuchagua kiti.
Nikamwomba binti wa tikiti: nyuma kabisa, tafadhali.
Akacheka. Nyuma kuna kelele, baba.
Nikamwambia, hizo ndizo ninazolipia.

Miaka kumi na tisa nimemjua kwa chini,
nimeegemea seng'enge upande wa barabara ya Mombasa,
daftari la madeni ya duka likageuka lake:
siku, saa, namba ya mkiani, upepo.
Tima huniuliza: na yeye akikuona, anakujua?

Ngeli yanikataza. Ndege huyu ni wa manyoya,
ndege hii ni ya bati.
Lakini nimeshamwita yeye, na leo si siku ya kuacha.

Ndani, zulia la viraka, rangi tatu za buluu.
Kwenye mkono wa kiti, kisanduku cha jivu la sigara
kimezibwa kwa skrubu mbili zisizofanana.
Na mlangoni mwa choo, chini ya rangi mpya,
maneno ya lugha nisiyoijua yanachungulia:
alikuwa na watu wengine kabla yetu.

Jirani yangu, Bi Arafa, amepakata deli la vileja
vya harusi ya Langoni.
"Hili kopo litafika kweli?"
Nikaumia kama niliyetukaniwa nyanya.
Ng'ombe hazeeki maini, nikamjibu,
naye akaipandisha dua yake sauti.

Kwanza mluzi mwembamba, birika karibu na kuchemka.
Kisha mguno.
Kisha mbavu zangu na mbavu zake zikawa na mtetemo mmoja,
tone la maji baridi likanidondokea shingoni kutoka darini,
magurudumu yakahesabu viungo vya lami,
du, du, dudu, dududu,
halafu hakuna du.

Nikaiona seng'enge kutoka juu.
Pale ninaposimama nyasi zimekufa,
duara dogo, kama alama ya sufuria mezani.

Sabaki unamwaga chai ya maziwa baharini.
Ngomeni, mabwawa ya chumvi, vigae vyeupe na vya waridi.
Vizuri, lakini hivyo vitakuwapo kesho.
Nikafumba macho.

Mhudumu akainama, kibandiko chake kimeandikwa Nyevu.
Waogopa?
Nasikiliza.
Akanyamaza kidogo, kisha akanong'ona:
Ijumaa ndiyo mwisho wake.
Najua. Wamemuuza kwa kilo.
Akaniletea kikombe cha maji
ambacho nauli yangu haikukifikia.

Dakika ishirini na nne tu! Tayari Kipini, tayari mikoko.
Breki ya mkiani ikafunguka mapande mawili.
Kitini huioni; nyonga ndizo zinazojua.
Manda ikatupanda kwa kishindo,
gurudumu la kushoto kwanza, kama siku zote.
Daftari langu ni shahidi.

Chini ya ngazi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.
Viatu vyangu havina kamba.
Nikamgusa tumboni, ribiti za moto, safu kwa safu,
kidole kikarudi na alama nyeusi ya mafuta.
Bi Arafa aliniona. Hakusema neno.
Alinipa kileja kimoja.

Kurudi ni boti ya Mokowe, kisha basi, saa sita nzima,
Witu, Minjila, Garsen,
na vizuizi vya askari.
Cha tatu, kijana mwenye tochi mchana kweupe:
Lamu umekaa siku ngapi?
Dakika arobaini.
Ukifanya nini?

Nikamwonyesha kidole.
Akakitazama, akatazama kitambulisho, akatazama kidole.
Akasema, shuka.

Abiria wakaguna, dereva akazima injini.
Nikashuka, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.