Lebo ya Kikapu

Tulifungua duka Februari, mwezi ambao Dundee
mwenye akili zake hafungui hata dirisha.
Ukungu ulipanda kutoka mto Tay, ukaingia kabla ya wateja,
ukakaa juu ya vikapu kama mkaguzi wa kodi.

Hapa palikuwa kiwanda cha juti.
Morag alikifanyia kazi tangu ana miaka kumi na mitano;
sikio la kushoto alilisahau humu, katikati ya mitambo,
na hadi leo akitaka kunisema mbele ya mteja
hunisema kwa vidole.
Siku ya kwanza alikuja tu kuona ukuta wake tumeufanya nini.
Akanusa kikapu, akakibinya, akakigeuza kitako juu.
"Aliyesuka hiki, analipwa?"
Mwezi mzima sikuulizwa swali jingine la maana.

Benki waliuliza: ninyi ni biashara au ni hisani?
Nikasema biashara. Faida iko wapi?
Nikasema hisani. Cheti kiko wapi?
Nikatoka na fomu yenye visanduku viwili,
na kote kuwili sikuenea.

Tukaanza na pauni elfu tatu:
akiba yangu ya zamu za usiku, kufua mashuka ya hospitali,
na mkopo wa kanisani kwa Morag,
usio na riba, ila una maombi marefu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Maneno hayo yalikuwa kwenye kila duka la utotoni mwangu,
jirani na yale ya leo taslimu, kesho mkopo.
Basi mimi daftari nikalitoa chini ya kaunta,
nikalifunga kwa uzi kwenye mkono wa kikapu,
alione yeyote:

*Pauni thelathini na nne.*
*Mwajabu wa Magoma, siku nne za kusuka: kumi na mbili.*
*Mkonge na rangi: mbili na nusu.*
*Kikundi chao, kwa ajili ya paa la karakana: mbili.*
*Meli, bandari, ushuru: sita na nusu.*
*Pango, umeme: kumi na moja.*

Bwana mmoja mwenye mbwa akasoma, akasema,
"Kule supamaketi kipo cha pauni nane."
Kweli kipo, nikamjibu. Kaulize kama nacho kina lebo.
Hakucheka. Mbwa ndiye aliyeaga.
(Aprili alirudi, akanunua kahawa, robo kilo.)

Nikapiga picha ya lebo, nikamtumia Mwajabu
kwa majivuno ya mtoto aliyeshika namba moja.
Akajibu kwa sauti, sekunde arobaini,
jogoo akimkatiza katikati:

"Nimeisoma juu hadi chini. Nimejiona.
Hata meli nimeiona.
Wewe sijakuona. Huko unakula nini?"

Nikampigia, nikaanza hotuba: moyo, wito, mwaka wa kwanza...
"Ngoja," akasema. "Mwenye duka akifa njaa,
vikapu nitamuuzia nani?
Umekataa kunipunja mimi, ukajipunja wewe.
Mizani hiyo bado imepinda, mwanangu."

Usiku huo tulikata nyuzi za lebo mia mbili na kumi na mbili.
Morag aliandika mstari mpya, mwandiko wake umelala ubavu:
*Wawili wa dukani: pauni mbili.*
Jumla, thelathini na sita.
Akanionyesha vidole. Nilidhani anasema ghali.
Kumbe alikuwa anaomba mkasi.

Jumamosi kilitoka kimoja tu.
Mama aliyekinunua alisoma taratibu, miwani puani,
kidole kikishuka mstari kwa mstari
hadi wa mwisho. Akaniangalia.
"Mbili tu?"

Sikumjibu. Mvua ilikuwa imeanza,
na mimi nilikuwa natafuta chenji.