Kuanzia Kulia

Kilitoka Memorial, kwenye robota la mitumba,
mfukoni mwa koti lenye maandishi ya Kijapani.
Ndekirwa akakifungua kama daftari
akakuta shujaa amekwisha kufa.
Akafunua: ghorofa lililoanguka likasimama,
damu ikarudi puani,
ngumi ikarudi mfukoni.

"Unakisoma kinyume," Mwanaidi akamcheka, begi la madrasa begani.
"Kinaanzia kulia, kama juzuu."

Wakaanza upya chini ya meza ya cherehani.
Maneno hawakuyajua; wakasoma nyusi.
Mwanaidi akampa shujaa kigugumizi,
Ndekirwa akapiga vishindo kwa mdomo
hadi mama akagonga meza kwa mkasi.

Jumamosi, kibanda umiza cha Pasua, shilingi mia mbili:
yuleyule, sasa ana rangi, anaruka,
na mtafsiri kamtia sauti ya mlevi wa mbege.
Watoto wakashangilia.
"Siye," Mwanaidi akanong'ona. "Wetu hukwama kwenye *p*."

Wakatoka kabla hajashinda.

Usiku, ndani ya jalada,
chini ya jina la penseli wasiloweza kulisoma,
Ndekirwa akaandika lake,
kuanzia kulia.