Aangukaye

Tartu, Februari. Mto umeganda chini ya daraja.
Heldi Raudsepp, sweta juu ya sweta,
anachovya chupa ya nzi katika maji ya uvuguvugu.
Nyuzi ishirini na tisa: wote chali,
miguu juu kama viti vya mkahawa uliofungwa.
Akiwatoa, wanainuka,
wanajikung'uta, wanaruka.

Kwenye lebo aliandika *kukkuja*,
yaani, kwa lugha yao, aangukaye.
Ndivyo jeni inavyobatizwa, kwa ila yake.
Ikiwa nzima nani angeiuliza jina?
Kwetu wapo akina Tabu na Mashaka,
wanene, wacheshi, hawadaiwi na mtu.

Kazi yake ilijulikana miaka kumi na mmoja baadaye:
kuunda protini iliyoshonwa katika utando wa neva,
ndani, nje, ndani, nje, mara ishirini na nne,
kama pindo la fundi asiyeuamini uzi wake,
na katikati ameacha tundu.
Umeme ukipapasa, tundu hufumbuka,
sodiamu inamiminika ndani,
bawa linapata habari.
Kisha linazibwa
kabla hujamaliza kusema hodi.

Mimi nililisoma jina lile kwa sikio la nyumbani
nikasikia mtu mwenye kigugumizi: ku-kuja.
Nikamweleza Heldi. Alicheka hadi miwani ikashika ukungu.

Lebo hakuibadilisha.
Aliuliza tu, kwetu joto ni nyuzi ngapi.
Ishirini na tisa, nikasema,
asubuhi.
Akawageukia nzi wake
kwa huruma.