Mikono ya Raimo

Oulu, Januari. Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
na Raimo Keskitalo yuko juu ya paa la jengo la bima
akibembeleza skrubu iliyoganda.

Mlango wafunguka. Gurudumu la bati, vitundu tele kama sega,
lazunguka bila pupa.
Nusu yake yapokea hewa iliyochoka ya ghorofa nne:
kahawa, soksi mbichi, miayo ya wahasibu,
Pirkko akigombana na printa.
Nusu nyingine yaipokea baridi ya baharini,
yaivika joto lile lile, yaiambia: haya, ingia.

Hewa mbili hazisalimiani.
Joto tu ndilo huhama,
kama deni lililolipwa na mtu usiyemjua.

Ukanda umelegea. Aukaza. Afuta vumbi.
Machi anastaafu; kijana atakayemrithi
husoma namba kwenye simu, hapandi ngazi.

Chini, Pirkko avua sweta, anung'unika: humu mnatuchemsha.

Raimo aenda kwenye tundu la kutolea hewa,
avua glavu, akinga viganja.
Baridi tupu. Hakuna kilichotoroka.
Acheka peke yake,
vidole vikimuuma.