Ribiti ya Kushoto

Wewe uliyeipiga ribiti hii,
sikujui jina wala sura.
Najua tu ilikuwa Chikago, mwaka wa sitini na tatu,
maana ndani ya sanduku la mashine, kwenye mbao,
kuna muhuri wa wino wa zambarau: Machi 8.
Chini yake penseli imeandika 14.
Basi nimekuita Kumi na Nne.
Usikasirike. Huku chini ya nyumba
adabu huganda pamoja na mabomba.

Kilango cha waya kinachopitisha gololi
kimeshikwa na ribiti mbili.
Ya kulia imekaa barabara, mdomo umejikunja
pande zote kama pindo la shuka ya hospitali.
Ya kushoto imelala ubavu,
imepasuka mara tatu, na ufa mmoja
ulinichana kidole siku ya kwanza nilipopapasa.
Nikatukana kwa Kifini,
lugha ya babu, niliyorithi matusi yake tu.

Mimi Reino. Miaka thelathini na moja
nilipakia madini ya chuma melini, hapa Duluth,
mabehewa yakifunguka tumbo kwa kishindo
hadi meno yanagongana kinywani.
Leo nashika kwa koleo kitu kidogo kuliko dengu
na mkono unatetemeka.

Nilinunua mia mbili, zenye nikeli, mkia wazi.
Fuawe nimeibana kwenye jiliwa.
Mkia uchomoze kiasi cha unene wa sarafu;
ukizidi unapinda, na hapo hakuna dawa.
Ya kwanza niliipiga kama anayembishia hodi mdeni wake:
ikapasuka.
Ya pili niliibembeleza,
ikabaki inacheza tunduni kama jino la mtoto.
Ya tatu iliruka, sikuiona tena,
hadi Eila alipoikanyaga alfajiri,
katoka zamu ya usiku, soksi tupu.
Alisimama kwenye ngazi, akaniangalia,
akaiweka ribiti juu ya kidato, taratibu,
akaenda kulala.

Nimeitafuta kalenda, Kumi na Nne.
Ilikuwa Ijumaa.
Labda kengele ya kutoka ilikuwa karibu.
Labda mguu ulikuwa umevimba juu ya pedali,
tangu asubuhi unakanyaga, unakanyaga,
vilango mia tatu, mia nne, nani anahesabu.
Au wa meza ya jirani alisema jambo,
ukacheka, na mguu ukashuka kabla ya jicho.
Napenda hilo la kicheko.
Sina ushahidi.

Nimewasha taa, nimeshika keekee,
nia yangu kuing'oa hiyo yako mbovu.
Nikaitikisa kwanza, kama fundi anavyotakiwa.
Haikutikisika.
Nikaisukuma kwa bisibisi. Wapi!
Miaka yote ile, kwenye baa ya Superior ng'ambo ya ghuba,
gololi imekipiga kilango hicho usiku baada ya usiku,
walevi wameinua mashine kwa magoti,
nayo imeng'ata mbao kwa midomo yake iliyochanika
na haijaachia.

Ile nzuri, ya kulia,
niliigusa kwa kucha tu ikazunguka.

Nikabaki nimeinua keekee, inalia hewani
bila kazi. Kisha nikaihamisha
upande wa pili.
Vumbi la chuma lilinyunyiza gazeti.
Nikachomeka mpya, nikashusha pumzi,
nikapiga. Nikapiga tena, kidogo.
Mara ya tatu sikuwa nimekusudia,
nilipiga chafya.

Jioni Eila alishuka na kahawa,
akainama, akapitisha kidole juu ya kilango,
kidole kilichozoea kutafuta mishipa.
Akasema, "Hii imepinda."
Nikamuuliza, "Ipi?"