Gundi

Jumatano, soko la wanawake, Ibra.
Kulia kwangu Shinuna na wanja wake,
kushoto Ghuzaila na majora ya kitambaa,
katikati mimi, na vitabu vilivyokwisha somwa.
Sleyum Ghusni namweka mbele.
Kutoka anatoka mwenyewe, simnadi:
riwaya thelathini na moja, majalada mekundu,
mwanamke daima yuko dirishani
na mvua inanyesha, hata hadithi ikiwa ya jangwani.

Asila, binti wa dada yangu, anasomesha chuo kikuu.
Alikalia debe langu la sarafu, akafunua kimoja,
akacheka kwa pua.
"Mama mdogo, hivi havifiki miaka hamsini.
Huyu anaandika kama mtu anayefukuzwa na mwenye nyumba."

Alifukuzwa kweli. Mara mbili, kule Ruwi.

Nikamwambia: hamsini mbali, mwanangu,
Juni peke yake ni mtihani.
Kisahau kitabu garini, adhuhuri hadi alasiri,
gundi inalainika kama halua,
kurasa zinaachana moja moja,
unazirudisha ovyo,
mwizi kesha fungwa kabla hajaiba.
Nimeviuza hivyo hivyo, vimechanganyika.
Hajarudi mtu kulalamika.

"Ndiyo hayo ninayoyasema," akajibu Asila.
Akanitajia diwani iliyo ngomeni, nyuma ya kioo,
joto lake linapimwa, unyevu wake unapimwa,
mtu analipwa mshahara kuilinda.
Hiyo imedumu, sibishi. Nimewahi kuiendea.
Nimesimama pale mwaka juzi, na mwaka huu tena:
ukurasa uliofunuliwa ni uleule.

Nikamtolea nakala sita za riwaya moja, ile ya kumi na mbili,
kutoka nyumba sita zisizojuana.
Moja ina samli, moja inanuka udi,
moja mtoto kachora ngamia mwenye miguu mitano.
Zote sita zimekunjwa kona palepale,
ukurasa wa mia na nne,
pale mama anapomkana mwanawe mlangoni,
anamfungia, kisha kwa ndani
anauliza kama amekunywa maji.

Asila alisoma amesimama.
Mnunuzi wa Ghuzaila alipita baina yetu mara mbili na jora begani.
"Sentensi mbovu," akasema hatimaye.
Kitabu hakukirudisha. Hakukilipia pia.

Lipo jambo sikumwambia.
Wanunuzi wangu wote wana mvi.
Wajukuu huwashikia mifuko, wakitazama simu,
na wakiulizwa wanataka nini, wanataka kurudi nyumbani.
Mwaka uliopita nilifunga maboksi mawili ya Sleyum.
Mwaka huu manne.

Usiku napika gundi yangu, ya unga wa ngano,
natia karafuu iliyosagwa, wadudu wasile.
Nabandika zilizoanguka, nazipanga kwa namba,
nakandamiza kwa jiwe la kusagia.
Ikikosekana karatasi, nakata nyingine, nachukua kalamu,
naiandika kwa ninavyokumbuka.
Mia na nne nimeiandika mara tatu sasa.
Mara ya kwanza maji yaliulizwa tu.
Mara ya pili yakapitishwa chini ya mlango, kwenye kisahani.
Sijui tena
ni yeye au ni mimi niliyeweka kisahani.